Kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu: anza na skrini, prosesa ingoje

Mtu anayetaka kujiundia kompyuta ya gemu kwa kawaida huanza na prosesa, kwa kuwa ndilo jina analolifahamu na ndilo linalobandikwa stika nje ya kesi. Kifaa cha kuanzia ni kile utakachokikodolea macho saa nne mfululizo, yaani skrini. Skrini ndiyo inayoamua kadi ya michoro ibebe mzigo kiasi gani. Kadi nayo inaamua wati za pawa saplai na urefu wa kesi. Prosesa inaamua soketi (tundu inamokaa), soketi inaamua ubao mama, na ubao mama unaamua aina ya RAM. Ukiushika mnyororo huu kwa katikati, utamaliza pesa kwenye prosesa ya kifahari kisha ununue kadi kwa chenji iliyobaki.

Pia mashine inayogoma kuwaka siku ya kwanza mara nyingi haina kifaa kibovu. Ina vifaa viwili vizima visivyoelewana: prosesa mpya juu ya BIOS ya zamani (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine), RAM ya kizazi cha DDR4 mbele ya sloti za DDR5, kadi ya milimita 320 ndani ya kesi inayopokea 300. Kwa sababu hiyo mkazo hapa uko kwenye viungo, pale kifaa kimoja kinapokutana na kingine. Mfano utakaorudi mara kwa mara ni mashine ya kuchezea kwenye pikseli 2560 × 1440, yenye prosesa ya Ryzen 5 7600 na kadi ya Radeon RX 7800 XT. Majina unaweza kuyabadilisha, hesabu hufanywa vilevile.

Skrini

Skrini ya 1920 × 1080 ina pikseli milioni 2.07. Ya 2560 × 1440 ina milioni 3.69. Ile ya 3840 × 2160, inayoitwa 4K, ina milioni 8.29, mara nne kamili ya ya kwanza. Kadi ya michoro huzichora pikseli hizo zote upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja, na muda iliopewa hutegemea kasi ya skrini: kwenye 60 Hz (mara 60 kwa sekunde) ina milisekunde 16.7, kwenye 144 Hz ina 6.9 tu. Kwa hiyo kadi inayotamba kwenye 1080 inaweza kupiga magoti kwenye 4K bila kuwa na kosa lolote.

Angalia unachocheza. Gemu za mashindano kama Counter-Strike 2 hutaka fremu nyingi kwa sekunde, na hapo 1080 au 1440 yenye 144 Hz hadi 240 Hz inafaa zaidi kuliko 4K. Gemu za hadithi zenye mwanga na vivuli vingi, mfano Cyberpunk 2077, huielemea kadi ya michoro kuliko prosesa. Gemu za kujenga miji na za kurusha ndege ni kinyume chake: prosesa ndiyo inayohema. Kwa mtu anayecheza kila kitu kidogo kidogo, 1440 yenye 144 Hz au 165 Hz ndiyo ninayoiona ina uwiano mzuri kuliko zote. Tafuta pia skrini inayokubali FreeSync au G-Sync, ili fremu zikishuka hadi 80 picha isikatike vipande.

Kagua matundu ya skrini kabla ya kulipa. HDMI 2.0 inafika 4K kwa 60 Hz, na HDMI 2.1 ndiyo inayofika 4K kwa 120 Hz. DisplayPort kwa kawaida haina usumbufu huo, na ndiyo ya kutumia ukiwa nayo.

Kadi ya michoro

Hapa ndipo pesa iende. Kwa mashine ya gemu tupu, asilimia 35 hadi 45 ya bajeti ya kesi na vilivyomo ndani ni kiwango cha kawaida cha kadi. Ikishuka chini ya robo, ujue umeilisha prosesa au taa za rangi.

Sifa inayowaponza wengi ni kumbukumbu ya kadi, VRAM. Humo ndimo zinamokaa picha za kuta, nyuso, majani na vivuli. Ikijaa, ziada inabidi ikae kwenye RAM ya kompyuta na kuvutwa kupitia sloti ya PCIe, tundu la ubao mama inamochomekwa kadi. Linganisha njia hizo mbili: kumbukumbu ya RX 7800 XT husafirisha takriban GB 624 kwa sekunde, ilhali sloti ya PCIe 4.0 yenye njia 16 husafirisha kama GB 32. Ni barabara kuu na kichochoro. Dalili yake si kushuka kwa wastani wa fremu. Namba ya fremu pembeni inaweza kusoma 90 ukaridhika, huku picha ikikwama nukta moja kila unapokata kona, au ukuta ukibaki na ukungu sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha matofali. Mtu huyo hubadilisha prosesa, hubadilisha RAM, na tatizo halitoki.

Leo GB 8 zinatosha kwa 1080 ukikubali kushusha ubora wa picha kwenye gemu mpya. Kwa 1440, anzia GB 12, na 16 zikikupa nafasi ya kupumua. Kwa 4K usishuke chini ya 16.

Soma boksi hadi mwisho, kwa maana jina moja laweza kubeba vitu viwili. RTX 5060 Ti ipo ya GB 8 na ya GB 16. RX 9060 XT hali kadhalika. RTX 3050 ya GB 6 haikupungukiwa kumbukumbu tu: hata viini vyake, vitengo vinavyopiga hesabu, ni vichache kuliko vya dada yake wa GB 8. Muuzaji akikuandikia "RTX 3050" bila kutaja GB, mwulize.

Kuna pia hesabu ya njia za PCIe. RTX 4060 hutumia njia 8 tu, na RX 6500 XT hutumia 4. Kwenye ubao mama wa PCIe 4.0 hilo halisumbui sana. Kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 kasi ya kila njia ni nusu, na RX 6500 XT yenye GB 4 pekee huumia vibaya, maana kumbukumbu hujaa upesi na kichochoro chenyewe kimezibwa nusu. Anayefufua kompyuta ya zamani atafute kadi yenye njia 16, au basi yenye VRAM ya kutosha ili kichochoro kisihitajike mara kwa mara.

Kuhusu DLSS na FSR: teknolojia hizi huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa ustadi, na kwenye 1440 na 4K zinasaidia kweli. Kutengeneza fremu za katikati ni jambo jingine. Huko kadi hubuni fremu kati ya mbili halisi, na kwa kuwa lazima isubiri ya pili ndipo ibuni ya katikati, mkono wako unachelewa kujibiwa. Ukiwa na fremu 60 halisi au zaidi, mchezo unakuwa laini. Ukiwa na 25, utaona 50 na kuhisi matope. Tangazo likikuonyesha fremu mara nne, uliza ni ngapi kati yake ni halisi.

Chipu moja huuzwa na watengenezaji wengi. Tofauti ya kasi kati ya toleo la bei ya chini na la juu ni asilimia chache. Unacholipia ni kipoza joto kikubwa na ukimya. Kulipia ukimya si vibaya, ila ziada ikikaribia bei ya chipu ya daraja la juu, chukua chipu.

Kadi ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, nayo ina utaratibu wake. Iendeshe chini ya mzigo mzito kwa nusu saa mbele yako, ukitazama vidoa vya rangi, mistari na joto. Fungua GPU-Z usome chipu iliyomo, kwa sababu kuna kadi za kale za NVIDIA zilizoandikwa upya BIOS ili zijiite majina mapya, na programu hiyo inazitambua nyingi. Zungusha feni kwa kidole ikiwa imezimwa: ikikwaruza, beringi zimekwisha.

Prosesa

Viini sita vyenye nyuzi 12 (mikondo 12 ya kazi kwa wakati mmoja) vinatosha kwa gemu karibu zote. Nane ni vya mtu anayerusha mchezo wake mubashara au anayetaka kukaa na mashine miaka mingi. Zaidi ya hapo unanunua mashine ya kuhariri video.

Kitu chenye uzito kuliko idadi ya viini ni akiba ya ndani ya prosesa, L3. Ryzen 7 7800X3D ina MB 96, ilhali Ryzen 7 7700X yenye viini nane vilevile ina MB 32. Ile ya X3D ina saa (kasi ya mapigo yake) ya chini kidogo, lakini kwenye gemu inaishinda mwenzake kwa kuwa data nyingi inaikuta papo hapo, haiendi kuifuata kwenye RAM. Faida hiyo huonekana pale prosesa inapokuwa ndiyo kizuizi: 1080 na fremu nyingi. Kwenye 4K kadi huwa imeelemewa kiasi kwamba tofauti hupotea karibu yote. Ndiyo maana mashine yetu ya 1440 ina Ryzen 5 7600, na chenji imekwenda kwenye kadi.

Kujua kizuizi kiko wapi kwenye mashine uliyonayo, ondoa kikomo cha fremu na usawazishaji wa wima (V-Sync), kisha tazama matumizi ya kadi wakati unacheza. Ikikaa asilimia 97 hadi 99, kadi ndiyo inayokuchelewesha. Ikielea kwenye 60 au 70, prosesa au RAM ndiyo inayoisubirisha.

Herufi za mwisho zina maana. F ni prosesa isiyo na michoro ya ndani: bila kadi hupati picha, hata ya kutafutia hitilafu. K kwa Intel ni ile inayofunguliwa kuongezwa kasi. G kwa Ryzen ni yenye michoro ya ndani yenye nguvu, na hapa kuna mtego: Ryzen 5 5600G si 5600 iliyoongezewa kitu. Ina L3 ya MB 16 badala ya 32, na PCIe 3.0 badala ya 4.0. Kama utaweka kadi tangu siku ya kwanza, 5600 ya kawaida ndiyo yako.

Ukiangukia Intel ya kizazi cha 13 au 14, sasisha BIOS kabla ya kuitwisha mzigo. Mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa volti za kupita kiasi zilikuwa zikizidhoofisha prosesa hizo, ikatoa marekebisho kupitia BIOS. Marekebisho huzuia madhara mapya, hayaponyi yaliyokwisha kutokea. Kwa hiyo i7 au i9 ya mkononi ya vizazi hivyo, kama hujui ilikuwa na BIOS gani, iache.

Ubao mama

Ubao haukuongezei fremu. Kazi yake ni kupokea, kugawa umeme na kukaa kimya. Kwanza soketi. AM4 ya AMD ni ya DDR4 pekee. AM5, iliyotoka 2022, ni ya DDR5 pekee. LGA1700 ya Intel, kizazi cha 12 hadi 14, inakubali zote mbili, ila kwa kawaida si kwenye ubao mmoja: karibu kila ubao umetengenezwa kwa aina moja, na majina hutofautiana kwa herufi mbili tu, kama D4 mwishoni. LGA1851 ya 2024 ni ya DDR5. RAM hizo hazibadilishani, kwani pengo la katikati liko mahali tofauti. Anayelazimisha huvunja sloti.

Kisha chipseti, chipu ya ubao inayounganisha vifaa. Kwa AMD, B650 au B850 inatosha mchezaji. Kwa Intel, ukinunua prosesa ya K na kuiweka kwenye B760, umelipia kufuli lililofunguliwa ukaliweka kwenye mlango uliofungwa, maana kupandisha saa ya prosesa kunataka chipseti ya Z.

Halafu BIOS, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ubao wa B650 uliokaa stoo tangu 2023 haujui Ryzen 9000 ni nini. Prosesa inaingia kwenye soketi, feni zinazunguka, skrini haionyeshi kitu. Nenda kwenye ukurasa wa ubao wako, orodha ya prosesa zinazokubaliwa, utaona toleo la BIOS linalotakiwa kwa kila moja. Chagua ubao wenye kitufe cha kupakia BIOS bila prosesa: unaweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ukiibadilisha jina kama kitabu cha ubao kinavyoagiza, unachomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unabonyeza kitufe, taa inametameta dakika kadhaa. Usizime umeme katikati.

Mengine ya kukagua upesi: vipoza joto juu ya sehemu inayogawa umeme wa prosesa, sloti mbili za M.2 za kuwekea SSD (hifadhi ya faili), Wi-Fi kama huna waya wa mtandao, na vichomeo vya feni visivyopungua vitatu. Na maandishi madogo: kwenye baadhi ya bodi, ukijaza sloti fulani ya M.2, matundu mawili ya SATA, yale ya hadidiski, hufa. Imeandikwa kwenye kitabu, na watu hurudisha hadidiski nzima dukani kwa sababu ya mstari huo.

RAM

GB 16 ni za kuanzia, 32 ndizo za kukaa nazo. Nunua vipande viwili katika pakiti moja, si kimoja, kwa sababu viwili hufungua njia mbili za kupitisha data na prosesa haikai ikingoja. Kwenye bodi yenye sloti nne, weka kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Kasi peke yake haitoshi, tazama na CL, idadi ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu. Ucheleweshaji halisi kwa nanosekunde ni CL mara 2000 gawanya kwa kasi. DDR4-3200 CL16 ni 10. DDR5-6000 CL30 ni 10. DDR5-6000 CL40 ni 13.3, na ndiyo utakayokuta ikiuzwa kwa maneno makubwa ya "6000". Kwa AM5, 6000 CL30 ni chaguo lililozoeleka na lisilo na vurugu. Kwa AM4, 3200 CL16 au 3600 CL18.

Usipange kununua vipande viwili sasa na viwili baadaye kwenye DDR5. Vipande vinne huwa mzigo kwa prosesa: Ryzen 7000 yenye vinne imeidhinishwa rasmi kwa kasi ya 3600 tu. Afadhali 2 × 16 moja kwa moja.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. Bila kuwasha EXPO au XMP (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM) kwenye BIOS, DDR5 yako ya 6000 itakwenda kwa 4800 au karibu na hapo miaka yote, na hakuna onyo litakalotokea.

SSD

SSD ya M.2 NVMe ya PCIe 4.0, TB 1 kwa uchache, na 2 kama gemu zako ni kubwa, maana nyingi za siku hizi zinavuka GB 100 kila moja. TB 1 itasomeka 931 kwenye Windows, na hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1024. PCIe 5.0 haikupi kitu kinachoonekana kwenye gemu zaidi ya joto. Penye chipu za kuhifadhia za TLC na za QLC kwa bei zinazokaribiana, chukua TLC, kwa kuwa QLC hupunguza mwendo sana unapoandika faili kubwa huku ikiwa imejaa. Angalia pia isiwe M.2 ya SATA, yenye umbo lilelile lakini ikiishia takriban MB 550 kwa sekunde, na bodi nyingi mpya haziitambui kabisa.

Pawa saplai

Fanya hesabu ya mashine yetu. RX 7800 XT hula wati 263. Ryzen 5 7600 imewekewa kikomo cha wati 88. Bodi, RAM, SSD na feni, weka 60. Jumla 411. Mtu akiona 411 anakimbilia ya wati 450, na hapo ndipo mashine inapozimika ghafla katikati ya pambano, bila ujumbe wowote, kana kwamba umeme umekatika. Kadi za kisasa huruka kwa milisekunde chache juu sana ya wastani wake, na kinga ya pawa saplai huona mruko huo na kukata. AMD yenyewe inapendekeza wati 700 kwa kadi hiyo. Chukua 750 nzuri.

Ipi nzuri? Alama ya 80 Plus hupima ufanisi tu. Mashine ikihitaji wati 400, Bronze yenye asilimia 85 itavuta kama 471 ukutani, na Gold yenye 90 itavuta 444. Tofauti hiyo ni joto na bili, haikuambii kama umeme unaotoka ni safi au kinga zinafanya kazi. Geuza pawa saplai usome jedwali lililobandikwa ubavuni, mstari wa +12V. Kadi na prosesa hula volti 12 karibu zote. Zidisha ampea kwa 12. Ile iliyoandikwa "600W" kwa herufi za dhahabu lakini ina ampea 30 kwenye +12V inatoa wati 360, basi. Wati zilizobaki zimejazwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo mashine ya leo haizihitaji kwa wingi. Ya wati 750 iliyo ya kweli huonyesha ampea 62 hivi. Kama jedwali halipo, hiyo si ya kununua.

Waya sasa. Kichwa cha pini 8 cha kadi kinabeba wati 150, cha pini 6 kinabeba 75, na sloti yenyewe hutoa hadi 75. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai. Waya mmoja wenye vichwa viwili huenda ukafanya kazi na kadi ndogo, lakini kwa kadi inayokula sana unapasha joto waya mmoja bila sababu. Cha prosesa hugawanyika 4+4, cha kadi 6+2. Vinafanana, na umeme wake umepangwa kinyume, kwa hiyo kisipoingia kwa urahisi usikisukume. Kadi zenye kichwa kipya cha pini 16 zinataka kusukumwa hadi pasibaki upenyo wowote, na waya usipindwe karibu na kichwa. Kilichoingia nusu huyeyuka.

Na sheria moja isiyo na msamaha: waya za kuchomoa za pawa saplai moja usizitumie kwenye nyingine, hata ya kampuni hiyohiyo. Upande wa vifaa vichwa ni vya kiwango kimoja, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Waya wa SATA wa kigeni unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, na SSD yako inakufa kabla hujaona picha.

Kesi na kupoza

Vipimo vitatu: urefu wa kadi, kimo cha kipoza prosesa, nafasi ya redieta. RX 7800 XT ya AMD yenyewe ina milimita 267, lakini matoleo ya feni tatu ya watengenezaji wengine hufika 320. Kesi iliyoandikwa 340, ukiweka redieta ya maji mbele yenye unene wa 27 na feni za 25, imebaki na 288. Hesabu hiyo watu huifanya wakiwa wameshika kadi mkononi.

Kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120 kina kimo cha 155 hivi na kinatosha Ryzen 5 7600, hata 7800X3D. Maji ya redieta ya 360 yaachie prosesa zinazokula wati 200 na zaidi. Angalia feni ya mnara isigongane na RAM yenye mapambo marefu: ya kawaida ina kimo cha milimita 32 hivi, ya taa hufika 44. Prosesa nyingine huja na kipoza ndani ya boksi, 7600 ikiwemo. Za X3D na za K haziji nacho, na kuligundua hilo ukiwa umeshafungua kila kitu mezani kunaudhi.

Kesi iwe na uso wa wavu. Uso wa kioo hupendeza dukani na kuzinyima feni hewa nyumbani. Mbili mbele zikivuta, moja nyuma ikitoa, zinatosha.

Kuijaribu mezani kabla ya kuifungia ndani

Weka ubao juu ya boksi lake la kadibodi. Prosesa, kipande kimoja cha RAM kwenye sloti ya pili, kipoza, waya wa pini 24, na ule wa prosesa wa pini 8 ambao husahaulika kuliko wote. Ng'oa karatasi ya plastiki chini ya kipoza, kwani ikibaki, prosesa itafika nyuzijoto 95 hata kabla Windows haijawaka. Pesti ya joto, tone la ukubwa wa punje ya njegere. Kwenye AM5 na Intel pini ziko kwenye soketi: shusha prosesa wima, usiiburute. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Siku ya kutoa kipoza, iwashe kwanza ipate joto, uizime, kisha uzungushe kipoza kulia na kushoto ndipo uinue, la sivyo kitaing'oa prosesa ikiwa bado imefungwa.

Washa kwa kugusisha pini mbili za kitufe cha kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Kwenye AM5, kuwasha mara ya kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, kwa sababu bodi inajifunza RAM. Usiizime. Bodi nyingi zina taa ndogo nne za CPU, DRAM, VGA na BOOT, na inayobaki imewaka ndiyo inayokuambia pa kutazama. Ikiwa ni DRAM, toa kipande, kirudishe mpaka kilie. Ikiwa ni VGA na umeshaweka kadi, rudi kwenye waya za kadi.

Ikishaingia kwenye kesi, waya wa skrini uchomeke kwenye matundu ya kadi, yale ya chini, si yale ya ubao mama. Washa EXPO, rudisha kipande cha pili cha RAM kwenye sloti ya nne, pitisha MemTest86 (programu ya kupima RAM) mzunguko mzima. Mwisho fungua mipangilio ya skrini ya Windows uangalie kasi, maana skrini ya 144 Hz mara nyingi hukutwa imewekwa kwenye 60.